Semina ya sayansi ya mazoezi: wanafunzi wanapima nini, na ndoo ya kichwani imefikaje chuoni

Ukisikia redioni kwamba wanafunzi wa sayansi ya mazoezi wa chuo kikuu fulani wamewasilisha tafiti zao, ni rahisi kudhani kuwa habari hiyo ni ya wachezaji mpira wa Kaitaba na wakimbiaji wa mbio ndefu tu. Wewe unayeamka alfajiri kwenda kisimani, au unayesukuma baiskeli yenye mikungu mitatu kutoka Kamachumu, unaweza kusema hayo hayanihusu.

Yanakuhusu. Moja ya tafiti zilizojadiliwa sana katika fani hii ilifanywa Kenya, na waliopimwa walikuwa akina mama wanaobeba mizigo kichwani. Matokeo yake yalishangaza wengi, yakarudiwa kwenye vitabu kwa miaka mingi, halafu yakaja kutiliwa shaka. Ukiielewa safari hiyo, utaelewa pia kinachofanyika ndani ya chumba cha semina, na kwa nini taarifa ya "utafiti umegundua" haitakiwi kupokelewa kama amri ya daktari.

Fani yenyewe

Sayansi ya mazoezi inachunguza mwili unapofanya kazi: moyo unapiga mara ngapi, mapafu yanaingiza hewa kiasi gani, misuli inatumia nguvu kiasi gani, na mwili unabadilikaje ukizoezwa au ukikaa bila kushughulishwa. Mwili haujui kama unacheza au unatafuta riziki. Mwendo wa saa moja kupanda mlima ukiwa na jembe begani unapimika sawasawa na mwendo wa saa moja uwanjani.

Hapa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kanda ya Ziwa tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, ingawa hicho si chuo kikuu. Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kimejijengea jina katika tafiti za aina hii, na Profesa Vincent Onywera ni mmoja wa waliochunguza wakimbiaji wa Kenya pamoja na watoto wa shule wa mjini na wa kijijini.

Dereva na konda

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa fani hii kwa upande wa afya ulihusu mabasi. Daktari Mwingereza aitwaye Jerry Morris alitazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji la London, akachapisha matokeo mwaka 1953. Dereva na konda walikuwa wanatoka mitaa ileile, wanalipwa na mwajiri mmoja, wanapumua moshi uleule. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva anakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Morris aligundua kuwa makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata walikuwa na nafuu ya kutokufa ghafla.

Hapo mtu angeweza kufunga daftari na kutangaza: kutembea kunaokoa moyo. Morris hakufunga. Alijiuliza kama watu wanene ndio waliokuwa wanachagua udereva tangu mwanzo. Akaenda kwenye vipimo vya sare zao za kazi, na kweli suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makonda, hata kwa wale wenye umri mdogo. Kwa hiyo sehemu ya tofauti huenda ilikuwepo kabla ya mtu kushika usukani. Hoja ya kutembea haikufa, kwa sababu tafiti nyingine nyingi zilikuja kuiunga mkono, lakini ilibidi itetewe upya.

Swali la namna hiyo la suruali ndilo kiini cha semina.

Ndani ya chumba cha semina

Mwanafunzi anayekaribia kumaliza hupewa muda mfupi, mara nyingi dakika 10 hadi 15, asimame mbele ya wenzake na walimu. Anaeleza aliuliza swali gani, aliwapima akina nani, alitumia kipimo gani, alipata nini, na kazi yake inaishia wapi. Halafu wanaomsikiliza wanamuuliza maswali. Baadhi ya wanafunzi huandika kazi yao kwenye bango kubwa ukutani na kusimama kando yake, watu wakipita na kuhoji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi mmoja amezaliwa Nshamba, Muleba. Ameamua kupima uchovu wa akina mama wanaochota maji. Amewapata akina mama 12, akawavalisha kifaa cha kupima mapigo ya moyo, wakapanda mlima wakiwa na ndoo ya lita 20, kisha siku nyingine wakapanda bila ndoo. Anasimama na kusema mapigo yalipanda zaidi walipobeba ndoo.

Mwalimu wa kwanza atauliza: uliwapataje hao 12? Kama ni waliojitolea wenyewe, huenda ni wale wenye nguvu zaidi, na wenye maumivu ya mgongo walibaki nyumbani. Mwingine atauliza kama siku zote mbili zilikuwa na hali ya hewa moja, kwa maana mvua ya Kagera haimsubiri mtafiti na njia ya utelezi ni kipimo kingine kabisa. Wa tatu atataka kujua kama walikuwa wamekula. Mwenzake wa darasani atauliza swali ambalo wanafunzi huliogopa kuliko yote: kwani nani hakujua kwamba ndoo inachosha?

Hilo la mwisho lina jibu zuri. Kujua kwamba inachosha si sawa na kujua inachosha kiasi gani, inaanza kuchosha kwenye kilo ngapi, na inamchosha nani zaidi. Hapo ndipo tunarudi Kenya.

Mzigo usiochosha?

Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha kazi fupi ya watafiti waliokuwa pamoja na Mkenya Geoffrey Maloiy wa Nairobi na mwenzao Norman Heglund. Waliwapima wanawake Waluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wanawake Wakikuyu, ambao kwa desturi walibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipokuwa wanatembea na mizigo yao, hewa waliyovuta ilipimwa ili kujua wametumia oksijeni kiasi gani. Oksijeni ndiyo kipimo cha nguvu inayochomwa mwilini, kama vile lita za mafuta kwenye pikipiki.

Waliyoyaona ni haya. Mwanamke aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kuongeza oksijeni hata kidogo. Alitembea na mzigo kwa gharama ileile ya kutembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo gharama ilianza kupanda: kwa mzigo wa asilimia 30 ya uzito wake, nguvu iliyotumika iliongezeka kwa karibu asilimia 10. Vijana wa jeshi waliobeba mabegi mgongoni hawakuwa na nafuu hiyo, kwao kila kilo iliyoongezwa ilikuwa na bei yake.

Kwa nini? Mwaka 1995 Heglund na wenzake walirudi na jibu. Mtu anapotembea, mwili wake unapanda kidogo na kushuka katika kila hatua, kama kitu kinachobembea. Nguvu ya kushuka inasaidia kusukuma hatua inayofuata, lakini sehemu yake hupotea njiani na misuli inalazimika kuifidia. Wanawake wale walipobeba mzigo walipoteza nguvu pungufu kwa kila hatua kuliko walipotembea bila mzigo. Miguu yao ilikuwa imejifunza mwendo ambao mtu asiyezoea hauwezi. Ukimtazama bibi mwenye ndoo kichwani anayeteremka taratibu bila kumwaga hata tone, na ngata yake imetulia, utaelewa wanachosema.

Sasa fanya hesabu ya nyumbani. Mama mwenye kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Hiyo ni theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo hata kama matokeo ya 1986 ni sahihi kabisa, ndoo tunayoijua sisi iko mbali juu ya kiwango cha kubeba bila gharama. Binti wa miaka 12 mwenye kilo 35 akibeba ndoo hiyohiyo amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake. Na mkungu mzuri wa ndizi mara nyingi unaishinda ndoo.

Hesabu hiyo ndogo haikufika mbali kama kichwa cha habari kilivyofika. Kilichosambaa ni kwamba wanawake wa Afrika wana siri ya kubeba bila kuchoka. Mtu asiyependa kugharamia bomba la maji anaweza kuishika sentensi hiyo na kuitumia, ingawa watafiti hawakusema hivyo.

Afrika Kusini walipopima tena

Mwaka 2010 kundi lililoongozwa na Ray Lloyd lilichapisha kazi iliyofanywa kwa wanawake 24 wa Kixhosa nchini Afrika Kusini. Wengine walikuwa wamebeba kichwani kwa miaka mingi, wengine hawakuwa na uzoefu huo. Wote walibeba kichwani, kisha wakabeba mgongoni, mzigo ukiongezwa hatua kwa hatua.

Safari hii ile nafuu ya bure haikuonekana kwa kundi zima. Kubeba kichwani hakukuwa nafuu kuliko kubeba mgongoni. Hata miaka mingi ya uzoefu haikuleta tofauti iliyotarajiwa. Jambo lililojitokeza wazi lilikuwa tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: wapo wachache waliobeba kwa gharama ndogo sana, na wapo ambao kichwani kuliwagharimu zaidi kuliko mgongoni. Wengi walilalamika shingo.

Nani basi alikosea? Huenda hakuna. Wale waliopimwa Kenya walikuwa wachache. Ukiwapima watu wachache na miongoni mwao wakawemo mabingwa wawili watatu wa mwendo, wastani wa kundi utafanana na wao. Ukiwapima wengi zaidi wa kila namna, mabingwa wanamezwa na umati. Inawezekana pia kwamba wanawake wa eneo moja wana mwendo ambao wa eneo jingine hawana. Swali la "uliwapataje hao?" linaloulizwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ndilo hilohilo lililogeuza kazi ya jarida kubwa la dunia.

Oksijeni pia haipimi kila kitu. Inaweza kukuambia mwili umechoma nguvu kiasi gani, lakini haikuambii pingili za shingo zimebanwa vipi, wala maumivu yatakayokuja ukiwa na miaka 50. Tafiti za Afrika Kusini zilizowauliza wachotaji maji kuhusu maumivu zilikuta malalamiko mengi ya mgongo na shingo. Mtu anaweza kutembea kwa gharama ndogo ya nguvu na bado akaumia.

Wahadzabe na saa 10 za kupumzika

Tafiti nyingine kubwa zimefanyika humu nchini, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu wazima 30. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 na zaidi kwa siku, wanawake karibu kilomita 6. Walipewa kunywa maji maalumu yenye chembe zinazoweza kufuatiliwa, kisha mkojo wao ukapimwa kwa siku kadhaa ili kujua mwili umechoma nguvu kiasi gani kwa jumla. Kila mtu alitegemea Wahadzabe wawe wanachoma nguvu nyingi mno kuliko Wamarekani wanaoshinda ofisini. Ukishazingatia ukubwa wa miili yao, tofauti haikuonekana.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kutembea, unabana matumizi mahali pengine. Wapo wanasayansi wanaokubali na wapo wanaopinga, na mjadala unaendelea. Lakini hakuna anayebisha kuhusu jambo la pili: mioyo ya Wahadzabe ni mizima, presha iko chini, kisukari ni nadra. Kwa maneno mengine, faida ya kutembea haiko kwenye kupunguza kilo peke yake.

Mwaka 2020 kundi lililokuwa na David Raichlen lilitoa jambo ambalo binafsi nalipenda. Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa au kupiga magoti sana, na misuli ya miguu inabaki na kazi ndogo. Wa mjini wanazama kwenye kochi. Wazee wetu waliokaa kwenye vigoda vifupi wakimenya ndizi hawakuhitaji kuambiwa.

Kutoka kijijini kwenda Dar es Salaam

Kijana wa Bukoba Vijijini anapopanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, mwili wake nao unahama. Nigel Unwin na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Waliwapima kabla ya kuondoka, kisha wakawapima tena baada ya mwaka mmoja.

Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wanafanya kazi za kutoa jasho jingi. Baada ya miezi 12 mjini walibaki chini ya 3 kati ya 10. Kwa wanawake ilishuka kutoka karibu 4 kati ya 10 hadi chini ya 2. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2 kwa wastani, kwa wanaume na wanawake. Lakini si kila kitu kiliharibika: walikula matunda na mboga zaidi kuliko walivyokula kijijini, na mafuta mazuri kwenye damu yaliongezeka.

Hapa mwanasemina makini atanyoosha mkono. Walianza watu 209, na baada ya mwaka walipatikana 132. Hao 77 wengine wako wapi? Kama waliopotea ndio waliopata kazi ngumu za kubeba zege, wastani wa waliobaki unaonyesha mji mlegevu kuliko ulivyo. Kuwafuata wahamaji ni kazi ngumu. Kagera tunalo mfano wa waliofanikiwa: uchunguzi wa uchumi wa kaya ulioanza mwaka 1991 hadi 1994 kwenye kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, na mwaka 2004 watafiti wakawatafuta wanakaya walewale popote walipokuwa, hata waliovuka mpaka kwenda Uganda. Zaidi ya 9 kati ya kila kaya 10 zilipatikana, na ndiyo sababu wataalamu wa uchumi duniani wanaendelea kuitaja Kagera hadi leo.

Mabadiliko hayahitaji kwenda Dar es Salaam, hata hivyo. Bodaboda imefika hadi kwenye vijiji ambavyo zamani mtu alitembea saa mbili kufika gulioni. Imeokoa wajawazito wengi na sitaki kusikia mtu akiilaumu. Lakini mwenye duka anayepanda pikipiki asubuhi, anakaa nyuma ya kaunta hadi jioni, na kurudi kwa pikipiki, ana siku inayofanana na ya dereva wa London, hata kama anaishi Izigo.

Nalima kila siku. Bado nahitaji mazoezi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo huo unahesabu kazi, kutembea kwenda mahali na shughuli za nyumbani, pamoja na michezo. Mwenye kulima kibanja chake, kukata majani na kwenda kwa miguu sokoni anaweza kuwa amevuka kiwango hicho ifikapo Jumatano.

Kipimo chepesi cha kujua uzito wa shughuli ni mazungumzo. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni shughuli ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hiyo ni nzito. Kama una saa kwenye simu, weka vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Pengine umesikia kwamba mapigo ya juu kabisa ya moyo ni 220 kutoa umri wako. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye mashine za mazoezi dunia nzima. Watafiti wawili, Robergs na Landwehr, walifuatilia asili yake mwaka 2002 wakakuta kwamba haikutoka kwenye utafiti uliopangwa kwa ajili hiyo. Ilikuwa makadirio ya mstari uliochorwa juu ya takwimu za watu wengine mwaka 1971. Inasaidia kukisia, lakini inaweza kumkosea mtu mmoja mmoja kwa mapigo zaidi ya 10. Hakuna aliyeinua mkono kwenye semina kuuliza ilitoka wapi, kwa miaka 30.

Kuna tahadhari moja kwa wakulima na wabeba mizigo. Watafiti wa Ulaya, hasa Denmark, wameona kwamba kazi nzito ya kutwa isiyo na mapumziko haileti faida ileile kwa moyo kama matembezi au michezo, na kwa baadhi ya wanaume imeambatana na madhara. Wengine wanasema kinachoonekana hapo ni umaskini na sigara za wanaofanya kazi hizo, si kazi yenyewe. Bado wanabishana. Kwa sasa kinachoweza kusemwa ni kwamba mwili uliobeba mikungu tangu alfajiri hauhitaji kukimbia jioni, unahitaji kupumzika. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ghafla wakati wa kazi ni jambo la kupeleka kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mtafiti akija kijijini kwako

Muleba ina historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2015 vijiji vya wilaya hiyo vilishiriki jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa kiungo kinachodhoofisha mbu sugu. Matokeo yalionyesha watoto waliolala kwenye vyandarua hivyo walipata malaria kwa uchache kuliko waliotumia vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 2017 likitegemea kazi hiyo, na mwaka uliofuata ilichapishwa kwenye jarida la Lancet. Vyandarua vya aina hiyo vimesambazwa nchi nyingi kwa sababu familia za Muleba zilifungua milango.

Kwa hiyo kufungua mlango kuna maana, lakini mlango ni wako. Utafiti wa afya kwa binadamu nchini unatakiwa kuwa na kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo inayosimamia hilo kitaifa. Watafiti kutoka nje huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mgeni hupitia mkoani, wilayani na kwa mtendaji wa kijiji kabla hajafika kwako. Kumwomba akuonyeshe barua si utovu wa adabu.

Muulize atapima nini na kwa kifaa gani. Muulize kama kuna damu itakayochukuliwa na itapelekwa wapi. Muulize jina lako litaandikwa au utapewa namba. Ana wajibu wa kukueleza kwa lugha unayoielewa, na kama mama mkwe anaelewa Kihaya tu, aelezwe kwa Kihaya. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kuacha kesho, na huduma yako zahanati haitakiwi kuguswa kwa sababu hiyo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, na mtoto mkubwa naye anaulizwa.

Swali ambalo wanakijiji husahau ni la marejesho. Kabla hajaondoka muulize atarudi lini kueleza alichokiona, na atawaeleza wapi: kwenye mkutano wa kijiji, kanisani, msikitini, au redioni. Mwandikie tarehe hiyo kwenye daftari la mtendaji, pamoja na jina la chuo chake na namba ya simu ya msimamizi wake.

Na ukisikia taarifa ya semina kwenye kipindi cha asubuhi, sikiliza kama mtangazaji amesema walipimwa wangapi, wa wapi, na kwa muda gani. Akikosa kusema, tuma ujumbe studio umuulize. Akishaulizwa mara mbili, ya tatu atakuja ameandaa.